Kupima nyatiti, litungu na obokano kwa ajili ya utafiti

Maelezo mazuri ya ala ya muziki yana mtihani mmoja: fundi ambaye hajawahi kuiona ala hiyo aweze kutengeneza nyingine kwa kuyasoma, na mwalimu wa fizikia aweze kukisia italiaje kabla haijapigwa. “Nyuzi nane, bakuli la mti, ngozi ya ng’ombe” haipiti mtihani huo, hata ikiandikwa chini ya picha nzuri. Mwongozo huu ni wa wanafunzi na watafiti wanaofanya kazi Kisumu, Siaya, Bungoma, Kisii na kwingineko Magharibi mwa Kenya, walio na pesa kidogo na maabara ya shule jirani.

Ala tatu zinazotajwa hapa ni za ukoo mmoja. Nyatiti ya Wajaluo, litungu ya Wabukusu na obokano ya Abagusii zote zina bakuli lililowambwa ngozi, mikono miwili inayotoka humo, na mti wa juu unaoiunganisha mikono hiyo na kushika nyuzi. Katika mpangilio wa ala uliotolewa na Erich von Hornbostel na Curt Sachs mwaka 1914, ukoo huu uko chini ya namba 321.2, wenye bakuli ni 321.21 na wenye sanduku ni 321.22. Orutu ni jambo jingine kabisa. Hiyo ina mti mmoja uliopenya mwilini, iko chini ya 321.31, na hupewa kiambishi -71 kwa kuwa hupigwa kwa upinde. Andika namba, kisha endelea. Namba humsaidia mtu wa makumbusho kulipata faili lako, haimwambii chochote kuhusu sauti.

Karatasi kabla ya safari

Utafiti unaohusisha watu unahitaji kibali cha kamati ya maadili ya chuo chako, halafu leseni ya NACOSTI, tume iliyoundwa chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013. Ukifika kaunti, jitambulishe katika ofisi ya kamishna wa kaunti na ya mkurugenzi wa elimu, kisha kwa chifu na mzee wa mtaa. Usiruke hao wawili wa mwisho. Leseni yenye mhuri wa Nairobi haikufungulii boma la mtu.

Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Tamaduni ya mwaka 2016 inataka ridhaa ya jamii itolewe kabla ya matumizi, si baada. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inagusa sauti na picha za watu. Kwa hiyo fomu ya ridhaa iwe na maswali yanayojibiwa moja moja: kurekodiwa sauti, kupigwa picha, jina kutajwa, rekodi kuwekwa mtandaoni, vipimo kutumiwa na fundi mwingine. Mzee anaweza kukubali manne na kukataa la tano, na fomu yenye sahihi moja tu chini haiwezi kuonyesha hilo. Malipo ya muda wake yakubaliwe siku ya kwanza, kabla ala haijatolewa ukutani.

Ukikutana na orutu ya zamani yenye ngozi ya kenge, ipime ilipo. Kenge wa Mto Nile yumo katika Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kuivusha mpaka ala hiyo bila kibali ni kosa, hata kama ngozi ina miaka mingi kuliko wewe.

Vifaa

Unahitaji utepe wa kupimia wa mita 3 usio wa kitambaa (wa fundi cherehani hurefuka ukivutwa), vernia kalipa, maikromita, mizani ya maabara inayosoma hadi gramu 0.01, springi balansi ya nyutoni 0 hadi 5, kipima joto na unyevu cha dijitali, karatasi ya milimita, penseli ngumu, hedifoni za waya, na simu au kinasa sauti kinachohifadhi faili la WAV. Chukua pia stendi ya miguu mitatu na soksi nzito ya kufunika maiki upepo ukivuma. Mizani, maikromita na springi balansi huazimwa kwenye maabara ya fizikia ya shule ya sekondari. Beba barua ya chuo.

Vifaa vyenyewe vipimwe kabla ya kuaminiwa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika mapema bila mtu kujua.

Kipima unyevu: weka vijiko vitatu vya chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, lowesha hadi iwe kama uji mzito usioelea maji, kisha ufungie pamoja na kipima ndani ya mkebe wa plastiki wenye kifuniko kinachobana. Baada ya saa nane kivulini, hewa ya ndani huwa na unyevu wa asilimia 75. Kipima kikisoma 69, andika kwa kalamu ya wino mgongoni “ongeza 6” na uongeze kila mara.

Kinasa sauti: maabara nyingi zina uma-sauti, mara nyingi seti ya 256, 288, 320, 341.3, 384, 426.6, 480 na 512 Hz. Rekodi wa 512 na usome masafa yake (mitetemo kwa sekunde, yaani hezi au Hz) kwenye programu utakayotumia. Tofauti ya hezi moja haina shida. Ukiona tofauti ya hezi nne au tano, tuhumu uma kabla ya simu: saa ya ndani ya simu ni sahihi kuliko chuma kilichoota kutu na kuangushwa sakafuni na madarasa kumi. Jaribu uma mwingine.

Mizani: weka mzigo wa gramu 50 wa maabara mara tatu. Kalipa: funga midomo yake na uone kama inasoma sifuri.

Majina kwanza, milimita baadaye

Kabla ya kugusa ala, mwombe mwenyewe aitaje sehemu kwa sehemu kwa lugha yake huku ukirekodi. “Mzee, hapa panaitwaje?” inatosha, usimtangulizie jibu. Kwa nyatiti utasikia thum kwa ala na muziki wenyewe, orindi kwa kigoda anachokalia mpigaji, oduong’o kwa pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu inayogonga mti wa ala, na gara kwa njuga za mguuni. Pete, njuga na kigoda ni sehemu ya ala kwa kipimo cha sauti. Vipime na kuvipiga picha vilevile.

Mti uandikwe kwa jina la wenyeji, kisha jina la kisayansi litafutwe baadaye. Markhamia lutea huitwa siala kwa Kijaluo na lusiola kwa Kiluhya, lakini majina ya miti huhama kutoka kijiji hadi kijiji. Omba tawi lenye majani, na ua kama lipo, likaushe kati ya magazeti, na ulipeleke kwa mtaalamu wa mimea. Hebaria ya Afrika Mashariki, hifadhi ya mimea iliyokaushwa, iko katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Fundi akiwa na kipande kilichobaki cha mti uleule, umepata bahati. Kipime uzito, kifunge kwa nailoni nyembamba ya jikoni, kizamishe kwa sindano ndani ya bika la maji lililo juu ya mizani. Gramu zinazoongezeka ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Kipande cha gramu 48.6 kinachoongeza gramu 81 kina msongamano wa 0.60. Bila namba hiyo, “mti mwepesi” ni maoni.

Uliza pia fundi swali ambalo vitabu havina: “Fundi, ukipata mti mbaya, unajuaje?” Atagonga, atanusa, ataangalia nyufa. Andika anachofanya kwa mikono, si maneno yake peke yake.

Kuchora

Laza ala juu ya kitambaa mezani, jinsi inavyokaa bila kulazimishwa. Chora sura tatu kwa kipimo cha 1:2: kutoka juu, kutoka ubavuni, na mkato wa katikati ya bakuli. Obokano ni kubwa mno kwa karatasi ya kawaida, itahitaji 1:4. Kila umbali upimwe kutoka ukingo mmoja uliouchagua, usipime sehemu baada ya sehemu na kujumlisha, kwa kuwa makosa madogo hujumlika pia.

Vipimo visivyosahauliwa: kipenyo cha bakuli mara nne (bakuli halikuwahi kuwa duara kamili), kina chake, unene wa mdomo, pembe ya kila mkono, umbali kati ya mikono pale juu na pale inapoingia, kipenyo cha mti wa juu sehemu tatu, mahali pa daraja kutoka ukingo wa ngozi, na urefu wa daraja kutoka ngozi hadi uzi. Unene wa ngozi upimwe kwenye pindo lililoning’inia nje. Andika ngozi ni ya mnyama gani, upande wa manyoya umetazama wapi, na imefungwa kwa kamba, vigingi au misumari. Kama ngozi ina tundu, kijitaa kidogo na kioo cha meno vitakuonyesha ndani kama bakuli limechongwa laini au limeachwa na alama za tezo.

Daraja la nyatiti lisiguswe kabisa. Vipande vya tete na nta ndivyo vinavyoipa ala ule mngurumo wake, na nta ikihama milimita chache sauti hubadilika. Liangalie kwa kioo cha kukuza, lipige picha kutoka pande nne, basi.

Ala iliyo kwenye makumbusho, kama ile ya Kisumu iliyofunguliwa mwaka 1980, haikazwi wala haipigwi, hata ikiwa na nyuzi zote. Vaa glavu za nitraili, kwa ajili yako pia: mikusanyo ya zamani duniani ilinyunyiziwa dawa za wadudu zenye sumu ambazo hazijaondoka.

Nyuzi na mkazo

Nyuzi za zamani zilikuwa za mishipa ya ng’ombe. Leo ni nailoni ya kuvulia samaki, ileile inayouzwa karibu na fuo za ziwa. Mabadiliko hayo ni mada ya utafiti yenyewe, na yanapimika.

Usizihesabu nyuzi kutoka kushoto kwenda kulia kwa mazoea yako. Muulize mpigaji uzi wa kwanza ni upi. Kwenye nyatiti nyuzi nane hugawanywa nne kwa nne kati ya mikono miwili ya mpigaji, na mpangilio haupandi ngazi moja baada ya nyingine. Litungu nyingine zina nyuzi saba, nyingine nane. Hesabu uliyoisoma mahali si sababu ya kusema moja imekatika.

Kwa kila uzi andika mambo matatu. La kwanza ni urefu unaotetemeka: kutoka ukingo wa daraja hadi pale uzi unapoacha kugusa kitambaa au ukanda wa kukazia kwenye mti wa juu. Si hadi kwenye fundo. Kosa la sentimita 1 kwenye uzi wa sentimita 55 linaleta kosa la takriban asilimia 4 kwenye mkazo. La pili ni kipenyo, kwa maikromita, sehemu tatu, bila kubana hadi nailoni ibonyee. La tatu ni uzito kwa mita. Kata mita 10 za nailoni kutoka kwenye bunda lilelile alilotumia fundi, uzipime, ugawanye kwa 10. Kama bunda halipo, kadiria: 0.785 mara kipenyo mara kipenyo mara 1.14, kipenyo kikiwa kwa milimita na jibu kwa gramu kwa mita. Nailoni ya milimita 0.8 inakuja gramu 0.573, ya milimita 1.0 inakuja 0.895.

Mkazo kwa nyutoni ni uzito huo kwa kilo kwa mita, mara kipeo cha pili cha (2 × urefu kwa mita × masafa). Kwa uzi wa milimita 0.8, urefu wa mita 0.55, unaolia 220 Hz:

0.000573 × (2 × 0.55 × 220)² = 33.6 nyutoni.

Hiyo ni kama kuning’iniza kilo tatu na nusu hivi. Nyuzi nane za namna hiyo zingevuta kama mfuko wa kilo 25 za mahindi na zaidi, na ndiyo maana mti wa juu hupinda na ngozi huzama chini ya daraja. Sasa shusha uzi uleule oktava moja, hadi 110 Hz: mkazo unaanguka mara nne, hadi nyutoni 8.4. Uzi umelegea, unayumba, unagonga jirani yake. Ukibadilisha uwe wa milimita 1.0 kwa sauti ileile unapata nyutoni 13.1. Fundi hachagui unene wa uzi kwa kubahatisha. Anatafuta mkazo ambao kidole kinaukubali. Weka mikazo yote minane kwenye grafu moja na utaona kama aliitafuta ilingane, au kama alitaka upande mmoja uwe mgumu zaidi. Kisha muulize.

Hesabu hiyo ikaguliwe kwa springi balansi. Ndoana ikamate uzi katikati, vuta pembeni milimita 5 hasa, soma nguvu. Nguvu hiyo mara urefu, gawanya kwa mara nne ya umbali uliovuta, ndiyo mkazo. Uzi wa mfano wetu utasoma takriban nyutoni 1.2. Majibu mawili yakipishana kwa zaidi ya asilimia 15, kosa kwa kawaida liko kwenye urefu unaotetemeka au kwenye milimita zile 5.

Kurekodi

Simu iwe katika hali ya ndege. Zima kipengele cha kupunguza kelele na cha kurekebisha sauti chenyewe. Vyote viwili hudhani mlio unaofifia ni kelele na kuufuta. Faili liwe WAV, 48 kHz, biti 24. Saa moja ya sterio hula takriban GB 1. Usitume rekodi kwa WhatsApp kama sauti ya kawaida na kuirejesha kwenye laptopu kwa uchambuzi. Programu hiyo huibana.

Mahali pafaa pawe nje chini ya mti, au chumba chenye makochi na mapazia. Nyumba ya mabati mchana wa jua hulia yenyewe, na mvua ikianza umemaliza kazi. Tumia betri, na zima umeme karibu. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na mngurumo wake huacha vilele kwenye spektra (grafu ya nguvu ya sauti kwa kila masafa) pale 50, 100, 150 na 200. Uzi “unaolia 150 Hz kamili” katika rekodi ya sebuleni huenda ni friji.

Maiki iwe sentimita 50 kutoka kwenye ngozi, kipimo kilekile kila siku, kilele cha sauti kisipite desibeli -12. Sema kwa sauti mwanzoni: tarehe, ala, uzi wa ngapi, joto, unyevu. Mpigaji, si wewe, apige kila uzi mara tano kwa kidole anachotumia kila siku, bila pete na bila njuga, nyuzi nyingine zikiwa zimezimwa kwa kitambaa laini. Kila mlio uachwe ufe wenyewe. Baada ya hapo ndipo apige wimbo mzima na pete na njuga zake. Ukianza na wimbo, utakosa milio safi. Ukiishia kwenye milio, umepima waya.

Kusoma masafa

Tyuna za simu, yaani programu za kulinganishia nyuzi, zitakuonyesha “G” na mshale. Usiziandike. Zimejengwa kuilazimisha kila sauti iingie katika noti kumi na mbili za piano, na swali lako ni kama ala hii inazifuata noti hizo au la. Tumia programu ya kuchambua sauti kama Audacity au Praat, zote za bure.

Kwenye spektra chagua dirisha kubwa, yaani sampuli nyingi zinazochambuliwa kwa pamoja. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, dirisha la 4,096 hutenganisha hatua za 11.7 Hz. Karibu na 150 Hz hatua hiyo ni senti 130 (nusu toni ya piano ni senti 100), zaidi ya nusu toni, na jedwali lote litakuwa hewa. Dirisha la 65,536 hutoa hatua za 0.73 Hz, takriban senti 8, lakini linahitaji mlio wa sekunde 1.4. Ruka sehemu ya kumi mbili za kwanza za sekunde: uzi ukivutwa kwa nguvu huanza juu kidogo kisha hushuka.

Kwa nyatiti kuna mtego wa ziada. Mngurumo wa daraja huipa sauti ya pili ya uzi, ile ya oktava moja juu, nguvu kuliko ya kwanza, na programu hutangaza oktava ya juu. Angalia umbali kati ya vilele vinavyofuatana; umbali huo ndio masafa halisi ya uzi.

Kisha geuza kuwa senti, kipimo alichokieneza Alexander Ellis mwaka 1885, ambapo oktava ni 1,200. Senti kati ya nyuzi mbili ni 3,986.3 mara logi (ya kumi) ya masafa makubwa ukigawanya kwa madogo. Kutoka 183 hadi 204 Hz ni senti 188.

Upana wa sikio

Mtu mwenye jedwali la senti mkononi hushawishika kuandika kwamba nyatiti “ina toni ya senti 188, tofauti na 200 ya Ulaya”. Bado hana haki ya kusema hivyo.

Mwombe mpigaji alegeze nyuzi zote na kuzikaza upya bila kusikia filimbi, redio wala rekodi yake ya awali. Afanye hivyo mara tatu, siku moja, kwa mapumziko ya chai kati yake. Utaona pia namna kazi inavyokwenda: akikaza uzi wa mwisho, ngozi imezama kidogo na wa kwanza umeshuka, kwa hiyo anarudi mzunguko wa pili na wa tatu. Usipime hadi aseme “sasa”, kisha subiri dakika tano. Nailoni mpya huendelea kurefuka kwa siku kadhaa. Nyuzi zilizofungwa juzi hazifai kwa jaribio hili.

Tuseme uzi uleule umetoka 202.5, 204.0 na 205.1 Hz. Kutoka cha chini hadi cha juu ni senti 22. Tofauti kati ya 188 na 200 ni senti 12, ndogo kuliko nafasi ambayo mwenyewe anaiona ni sawa. Unachoweza kuandika ni kwamba hatua hiyo iko karibu na 190, na kwamba mpigaji huyu huikubali ndani ya upana fulani. Upana huo ndio matokeo yenye thamani. Pengine uzi mmoja hausogei senti 5 katika majaribio yote matatu na mwingine unatembea 40. Basi umegundua ni uzi upi wimbo unaegemea.

Thibitisha kwa masikio. Kwenye laptopu sogeza uzi mmoja wa rekodi kwa senti 15, 30 na 45, changanya na usiosogezwa, mpe mzee hedifoni. “Mzee, hii iko sawa au imeharibika?” Usimuulize kama ni juu au chini, na usikae mahali anapoona uso wako.

Kadhalika usipe senti desimali. Jedwali lenye “187.93” linamwambia msomaji kuwa mwandishi hakuelewa alichopima.

Unyevu, joto na saa

Ngozi hunywa maji ya hewani. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hulegea, daraja huzama, nyuzi hushuka. Jua likiwaka hukaza tena. Ndiyo maana wapiga isukuti hupasha ngoma moto kabla ya kuanza. Kipimo chochote kisicho na unyevu na joto pembeni hakilinganishwi na kingine, hata cha ala ileile.

Ili kujua ala yako huhama kiasi gani, iache kivulini bila kuikaza kwa siku nzima, rekodi kila baada ya saa mbili kutoka alfajiri hadi magharibi, kisha chora senti dhidi ya unyevu. Usiloweshe ngozi makusudi wala kuianika juani kuharakisha; ngozi ya zamani hupasuka kwenye vigingi. Andika saa kwa mfumo wa saa 24. “Saa mbili” kwenye daftari, miezi sita baadaye, haijulikani kama ni asubuhi ya Kiswahili au ni mchana wa simu.

Kwa pembe na filimbi, joto lenyewe hubadilisha sauti. Mwendo wa sauti hewani ni mita 343 hivi kwa sekunde penye nyuzijoto 20 na 348 penye 28, na tofauti hiyo hupandisha pembe takriban senti 24. Mwinuko hauhusiki. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari na Nakuru karibu 1,850, lakini pembe ileile penye joto lilelile italia sawa katika miji yote miwili.

Mafaili

Jina la kila faili libebe mahali, ala, uzi, jaribio na tarehe, bila nafasi: BGM_litungu02_uzi5_j3_2025-08-14.wav. Jina la mtu lisiwemo; liwe kwenye orodha tofauti yenye nywila, pamoja na fomu za ridhaa. Faili la asili halihaririwi kamwe, unafanyia kazi nakala. Hifadhi mahali patatu, kimoja kikiwa nje ya nyumba yako, na michoro ipigwe skani kwa nukta 600 kwa inchi.

Mwenye ala apewe nakala zake kabla ya tasnifu kukabidhiwa: rekodi kwenye memori kadi inayoingia kwenye simu au redio yake, na mchoro wa kipimo kamili cha 1:1 uliochapishwa kwenye karatasi ndefu ya duka la ramani za nyumba. Fundi huuweka mchoro huo juu ya gogo na kuchora moja kwa moja. Akirudi kukwambia kwamba mkono wa kushoto umekosewa, chukua kalipa na upime tena.